Udalali na Ujirani

Mtu akipita taratibu katika mitaa ya Dar es Salaam, iwe Manzese, Tandale au Mbagala, hakosi kukutana na maandishi ya rangi nyekundu ukutani: NYUMBA HII HAIUZWI. Herufi hazilingani. Nyingine zimepakwa kwa brashi pana, nyingine kwa kitambaa kilichochovywa katika kopo la rangi, na pengine chini yake imeongezwa namba ya simu au onyo kwa madalali na matapeli. Maneno yenyewe ni matatu tu, lakini yamebeba habari ndefu. Sokoni tumezoea kwamba chenye kuuzwa ndicho hutangazwa. Hapa kisichouzwa ndicho kinachopaza sauti, maana nyumba ikikaa kimya inaweza kuuzwa mwenyewe akiwa amelala ndani yake. Anayeambiwa ni nani? Pengine ni mnunuzi aliyebeba akiba ya miaka, akaletwa na mtu mwenye funguo zisizo zake. Pengine ni ndugu wa marehemu, aliyekwishapokea malipo ya awali kwa siri kabla mirathi haijafunguliwa. Pengine ni dalali, aliyesikia nusu ya habari kijiweni na kuikamilisha kwa tamaa. Rangi ile ni kilio cha mwenye mali, na pia ni shtaka dhidi ya biashara nzima, kwa kuwa inasema kwamba katika mji huu neno la mtu kuhusu nyumba halitoshi tena mpaka liandikwe ukutani. Hapo ndipo swali linapozaliwa: biashara iliyochafuliwa kiasi hiki inajengwaje upya, na kwa mtaji gani? Jibu ninalolitetea litasikika dogo mbele ya ukubwa wa tatizo. Mtaji wa kwanza wa biashara ya nyumba ni wema, ule wa kila siku unaokaa katika salamu, subira, ahadi inayotimizwa na ukweli unaosemwa mapema. Wasioutazama kwa makini huuchukua kuwa pambo la kazi, kumbe ndio unaoibeba.

Ili kuona kwa nini iwe hivyo, yafaa kwanza kuitazama nyumba kama bidhaa. Embe huonjwa kipande kabla ya kununuliwa, nyumba haionjwi. Mtu wa kipato cha kawaida hununua kiwanja mara moja, labda mbili, katika maisha yake yote, kwa hiyo hana nafasi ya kujifunza kwa kukosea. Kasoro zake nazo hazikai mlangoni. Nyumba njema si mlango, walisema wazee, na waliosema hivyo walijua kwamba rangi mpya hufunika unyevu, kwamba dari ya jipsamu haielezi hali ya paa, na kwamba mpaka wa kiwanja unaweza kuwa mti ambao jirani anadai aliupanda babu yake. Mwaka 1970 mchumi George Akerlof aliandika makala iliyokuja kujulikana sana kuhusu soko la magari yaliyotumika. Alionyesha kwamba pale muuzaji anapojua asiyoyajua mnunuzi, mnunuzi hukosa imani na vyote, hukataa kulipa bei ya kitu kizuri, na mwenye kitu kizuri hujitoa sokoni. Wabaya huwafukuza wema. Akerlof alizungumzia magari, lakini nyumba ina siri nyingi kuliko gari. Chini ya kapeti la sebuleni kuna mirathi, kuna mke asiyeulizwa, kuna mkopo wa benki, kuna bonde lililokauka kwa miezi kadhaa tu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ya mtungi huu ni jirani, mpangaji wa zamani, fundi aliyechimba msingi, mama anayeuza maandazi mkabala na geti.

Sehemu kubwa ya Dar es Salaam imejengwa kabla ya ramani kufika. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu mkoani humo watu 4,364,541. Ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Ndani ya miaka kumi wameongezeka watu zaidi ya milioni moja, na kila mmoja alihitaji mahali pa kulaza ubavu pasipo kungoja mpima ardhi. Kisheria mambo yanaeleweka: chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake, na mwananchi hupewa hati ya kuimiliki kwa muda usiozidi miaka 99. Katika makazi yasiyopangwa kukaja leseni za makazi. Hata hivyo, viwanja vingi vya pembezoni hupita mkono hadi mkono kwa karatasi ya mauziano, iliyoandikwa kwa kalamu au kuchapwa steshenari, ikasainiwa na muuzaji, mnunuzi, mashahidi wa pande mbili na majirani wa mipakani, kisha ikapigwa muhuri katika ofisi ya serikali ya mtaa. Tuitazame karatasi hiyo vizuri. Nguvu yake haitoki kwenye wino. Inatoka kwa watu wanne au watano waliokubali kusimama wakasema: twamjua huyu, twajua mpaka wake unapoishia, na kesho mkituita tutasema hivi hivi. Kwa maneno mengine, rejista ya ardhi ya mtaa imo vichwani mwa majirani. Anayeishi nao vizuri ana rejista mikononi. Anayeishi nao vibaya, hata awe na ofisi yenye kiyoyozi na gari la kupeleka wateja, anafanya biashara gizani.

Sasa mtazame dalali, aliyesimama katikati. Mazoea ya mjini ni kwamba mpangaji humlipa kodi ya mwezi mmoja, mbali na kodi ya miezi sita au mwaka mzima anayodai mwenye nyumba, na mara nyingi mbali na pesa ya kuonyeshwa vyumba hata asipokipenda kimojawapo. Mpangilio huu una kishawishi ndani yake. Dalali hulipwa mlango unapofunguka, halipwi kwa miaka ambayo mpangaji atakaa kwa amani. Akipeleka watu watatu kwa mwaka katika chumba kimoja kibovu, amepata mara tatu ya yule aliyemtafutia mtu mmoja chumba kinachomfaa. Mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Kwa hiyo wema wa dalali hauwezi kupimwa kwa tabasamu lake wala kwa namna anavyomwita kila mteja bosi, kaka, dada au mama mkubwa. Hupimwa kwa ukweli unaomgharimu. Chukua bonde la Mto Msimbazi: kiangazi lilionekana mahali pazuri, lilikuwa karibu na Kariakoo, nauli ilikuwa ndogo, viwanja vyake vilikuwa vikipatikana kwa bei ya kuvutia. Desemba 2011 mvua ilishuka, mto ukadai njia yake, watu wapatao 40 wakapoteza maisha jijini, na baadhi ya waliokosa makazi wakahamishiwa Mabwepande. Miaka michache baadaye, nyumba zilizobaki bondeni zikachorwa alama ya X na nyingi zikavunjwa. Kila moja ya nyumba hizo ilikuwa na siku yake ya kununuliwa au kupangwa, na katika siku hiyo alikuwepo mtu aliyejua maji hufika wapi. Neno moja, “hapa mvua ikija hapakaliki,” lingemkosesha pesa ya mwezi mmoja na kumwokolea mwenzake maisha. Wema ninaouzungumzia ni neno hilo. Linasemwa kabla ya malipo, na anayelisema anajua anachokipoteza.

Kuna watakaodhani kwamba kuuchanganya ukarimu na udalali ni mtindo mpya, umeletwa na semina za masoko. Pwani yetu inashuhudia kinyume. Msafiri Ibn Battuta alipopita huku mwaka 1331, kabla ya kufika Mombasa na Kilwa alitia nanga Mogadishu, na akaeleza desturi ya bandari ile. Chombo kikiwasili, vijana walikilaki kwa mashua ndogo, kila mmoja akiwa na chakula kilichofunikwa, akimkabidhi mfanyabiashara mmojawapo na kumtangaza kuwa ni mgeni wake. Mgeni akishuka hufikia kwa mwenyeji huyo huyo, na mwenyeji ndiye humuuzia bidhaa zake na kumnunulia anachohitaji. Mtu akimpunja mgeni kwa bei ya chini mno, au akifanya naye biashara mwenyeji asipokuwepo, mauziano hayo hayakuhesabiwa. Mgeni njoo mwenyeji apone: hapa methali imekuwa utaratibu wa soko. Yapo mambo mawili ya kuzingatia. La kwanza, chakula kilitangulia hesabu. Uhusiano ulianza kabla ya bei kutajwa. La pili, na ndilo zito, chakula kile kilikuwa na masharti. Aliyekifunua mbele ya mgeni alijifunga kumlinda, na mji mzima ulilijua fungamano hilo na kulisimamia. Wema wa bandarini haukuachwa uwe hisia ya mtu binafsi. Ulikuwa na mashahidi, na aliyeuvunja alirudishiwa mauziano yake. Tulichokipoteza sehemu nyingi za mji ni hilo fungamano, ingawa sahani ya chakula bado ipo: soda baridi, lifti ya bure, maneno matamu. Bila wajibu unaofuata, sahani hiyo ni chambo.

Dalali hatembei peke yake katika njia hii. Mwenye nyumba naye ni mfanyabiashara, na wengi wa wenye nyumba wa Dar es Salaam hawana maghorofa. Wana nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani choo na bomba, mbele baraza. Mwenyewe hukaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki. Humo biashara na maisha havina ukuta wa kuvitenganisha. Umeme wa LUKU hununuliwa kwa mchango, na mchango huo hujua nani ana friji na nani ana taa moja. Mtoto wa mpangaji akiumwa usiku, hodi ya kwanza hupigwa kwa mwenye nyumba. Msiba ukitokea, turubai hufungwa mbele ya baraza lile lile ambalo kodi hupokelewa. Katika mazingira hayo, hesabu ya pesa yenyewe hufundisha wema. Chukua mfano wa chumba cha shilingi 60,000 kwa mwezi. Mpangaji amekwama, anaomba mwezi mmoja wa subira. Akitolewa vyombo nje, chumba kitakaa kitupu labda miezi miwili, kitapakwa rangi upya, kitasa kitabadilishwa, kisha ataingia mtu ambaye tabia yake haijulikani. Mwenye nyumba amepoteza shilingi 120,000 na gharama nyingine ili aadhibu deni la 60,000. Aliyesubiri amebaki na mtu anayejulikana, ambaye naye, chumba cha jirani kitakapokuwa wazi, atamleta binamu yake au mfanyakazi mwenzake na kumdhamini kwa jina lake. Wapo wasiolipa hata wakisubiriwa, na subira isiyo na kikomo humlisha mwenye hila. Lakini kosa la kumsubiri asiyestahili hutokea mara moja, kisha hujulikana. Sifa ya ukatili hukaa mtaani miaka, na vyumba vya mwenye sifa hiyo hujazwa na wale tu waliokosa pa kwenda.

Habari za nyumba zenyewe husafiri kwa watu wadogo wa mtaa. Kabla chumba hakijapigwa picha na kuwekwa Instagram, kabla hakijatangazwa kwamba kinajitegemea, maji hayakatiki na fensi ipo, tayari mlinzi wa geti amejua kuwa mpangaji anahama mwisho wa mwezi. Dereva wa bodaboda ameshabeba mizigo ya kwanza. Mama ntilie amesikia mwenye nyumba akilalamika. Fundi bomba amepigiwa simu aje kurekebisha sinki. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala kuhusu nguvu ya mahusiano mepesi. Aliwachunguza watu waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, akakuta kwamba wengi hawakusaidiwa na rafiki wa karibu. Walisaidiwa na mtu wanayeonana naye mara moja moja au kwa nadra. Sababu inaeleweka: rafiki wa karibu anajua tunayoyajua, wa mbali analeta ya upande wa pili. Mtaani kwetu mahusiano hayo mepesi hulishwa kwa salamu. Anayesimama kumuuliza mlinzi hali ya mwanawe, anayelipa deni la chai bila kukumbushwa, anayemrudishia fundi spana yake ikiwa safi, ameshiriki katika mtandao wa habari ambao hauna ada ya kujiunga na haununuliwi kwa tangazo. Na mtandao huo hubeba habari za aina zote. Ukimpeleka mpangaji kwenye nyumba yenye mgogoro, mama ntilie yule yule atalisimulia jambo hilo kwa wateja wake wote kabla ya jua kuchwa.

Hapa mwenye busara ataweka pingamizi, na ni pingamizi la haki. Wema wenye mategemeo ya faida, atasema, ni wema gani? Tenda wema uende zako, usingoje shukrani. Ninyi mnatenda wema na kungoja kamisheni. Tena matapeli ndio mabingwa wa upole. Aliyeuza kiwanja kimoja kwa watu wanne hakuwa na sura ya kutisha. Aliongea kwa unyenyekevu, alimsaidia mama mzee kuvuka barabara, aliapa kwa Mungu, na bila shaka aliuliza hali ya watoto. Hoja hii ina uzito, na haifai kuipuuza. Lakini inachokipinga ni upole, na upole na wema si ndugu wa tumbo moja. Upole unaweza kuigizwa kwa saa mbili, muda wa kwenda kuona kiwanja Chanika na kurudi. Wema unadai vitu viwili ambavyo tapeli hawezi kuvilipia: muda na makazi. Tapeli hawezi kungoja mvua zinyeshe, hawezi kumwambia mnunuzi alale juu ya jambo wiki nzima, aulize majirani, apeleke nyaraka kwa afisa ardhi. Haraka ndiyo roho ya kazi yake. Ndiyo maana kila mara kuna mteja mwingine yuko njiani na pesa taslimu. Wala hawezi kuishi katika mtaa anaouza, kupishana kila asubuhi na aliyemuuzia. Kuhusu faida, sioni dhambi katika mtu kula kwa kazi yake. Mkunga hulipwa, mwalimu hulipwa, na hatusemi kwamba uangalifu wao ni wa uongo kwa sababu hiyo. Linaloutia wema doa ni pale unapokoma malipo yanapokosekana. Basi kipimo ni chepesi: je, yule aliyekataa nyumba yako bado unamsalimia? Je, uliyempangisha mwaka juzi akikupigia simu kuhusu ukuta unaopasuka, unapokea?

Pingamizi la pili linauma zaidi. Biashara inayotegemea kujuana huwanufaisha wanaojuliwa. Damu nzito kuliko maji, na chumba kizuri humwendea wa kabila letu, wa msikiti wetu, wa kanisa letu, wa kijiji chetu. Mwanamke asiyeolewa huulizwa maswali ambayo mwanamume haulizwi. Mwenye watoto wanne huambiwa chumba kimeshachukuliwa. Aliyetoka mkoa wa mbali, asiye na wa kumdhamini, huishia kwenye bonde kama lile la Msimbazi. Ni kweli, na wema unaoishia mlangoni kwa jamaa una jina lake, nao ni upendeleo. Lakini dawa ya kujuana kubaya si kutojuana. Dalali, kwa asili ya kazi yake, ni mtu wa kumvusha mgeni. Yeye ndiye aliye na neno kwa pande zote mbili, na uaminifu alioujenga kwa mwenye nyumba ndio anaoweza kuutumia kwa ajili ya mtu asiye na jina mtaani: “Huyu binti ni nesi, nimemwona kazini kwake, mpe chumba, nasimama mimi.” Kutumia mtaji wa heshima kwa ajili ya mtu asiyeweza kukulipa zaidi ya wengine ndiko wema kutoka katika mzunguko wa jamaa na kuwa wa mji. Hata hivyo, wema una mipaka yake, na anayeuhubiri bila kuitaja anawadhulumu wanyonge. Mwenye kipato cha kila siku hawezi kutoa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, hata mwenye nyumba awe mpole namna gani, ikiwa mji mzima umelifanya hilo kuwa kawaida. Sheria ya kudhibiti kodi ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo mpangaji ameachwa na mkataba anaoandikiwa na mwenye nguvu. Kuhusu udalali wenyewe, Kenya ina sheria ya mawakala wa majumba, Sura ya 533, na bodi ya kuwasajili. Dalali mwema angepaswa kuwa wa kwanza kutaka kazi yake iwekewe utaratibu, kwa sababu soko lisilo na kanuni humlipa mwongo na mkweli mshahara mmoja.

Ndipo linakuja pingamizi la tatu: kama ni hivyo, tuache mahubiri, tupime viwanja na kutoa hati. Mchumi wa Peru, Hernando de Soto, alitetea mawazo ya namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu siri ya mtaji: maskini wana mali, wanachokosa ni nyaraka za kuifanya mali hiyo itambulike. Fikra hizo zilichangia kuzaliwa hapa Tanzania mwaka 2004 kwa MKURABITA, mpango wa kurasimisha rasilimali na biashara za wanyonge. Siwezi kuipinga karatasi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kuta zilizopakwa rangi nyekundu ni ushahidi wa daftari lililokosekana. Lakini tusiitwike karatasi mzigo isioweza kuubeba. Mwaka 1963 mwanasheria Stewart Macaulay aliwachunguza wafanyabiashara wa jimbo la Wisconsin, Marekani, watu wenye mawakili, mahakama na mikataba iliyochapwa vizuri, akakuta kwamba mara nyingi walitegemea neno la mtu na haja ya kuendelea kufanya kazi pamoja, na migogoro wakaimaliza bila kuugusa mkataba. Ikiwa waliokuwa na kila chombo cha sheria waliishi kwa uaminifu, sisi tutaukwepa vipi? Hati husema nani mmiliki. Haisemi kama kisima kina chumvi, wala kama jirani hupiga muziki hadi alfajiri, wala nani atapokea simu paa likivuja. Na zaidi: karatasi yenyewe huhitaji mtu mwema ili iwe ya kweli. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Sahihi ya mke inaweza kughushiwa kwa dakika moja. Dalali anayesema, “Mimi siendelei mpaka nimwone mama mwenyewe, na mpaka watoto wa marehemu wawepo,” ndiye huipa sheria hiyo uhai. Kwa hiyo wema na daftari si wapinzani. Wema mkubwa kuliko wote katika biashara hii ni kumlazimisha mteja unayempenda kuwa na nyaraka kamili, hata akikuona msumbufu, hata biashara ikichelewa mwezi.

Nikikusanya hoja hizi, naona kwamba tumezoea kuutafuta mtaji wa biashara ya nyumba mahali pasipo penyewe. Kijana anayeianza huambiwa atafute simu yenye kamera nzuri, wafuasi mitandaoni, suti na kadi yenye jina. Vyote vina matumizi yake. Lakini vyote vinaweza kununuliwa na tapeli Jumatatu asubuhi, na kwa sababu hiyo haviwezi kumtofautisha mtu naye. Kisichonunulika ni miaka mitano ya kusema ukweli katika mtaa mmoja. Ni orodha ya watu waliowahi kuambiwa “usinunue hapa” na baadaye wakashukuru mvua iliponyesha au buldoza lilipopita, kama lilivyopita kando ya Barabara ya Morogoro mwaka 2017, kuanzia Kimara, juu ya nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Wema hauozi, lakini pia hauvunwi siku uliyoupanda, na hilo ndilo gumu kwa mwenye njaa ya leo. Hatuna haki ya kumdai dalali maskini ushujaa wa kila siku huku tukimlipa kwa mfumo unaomzawadia kimya. Wenye nyumba na wapangaji wanaweza kuanza kuubadili mfumo huo bila kungoja Bunge: sehemu ya malipo ya dalali itolewe mpangaji anapoingia, sehemu baada ya miezi mitatu, akiwa ameyaona maji, majirani na mvua, na ofisi ya mtaa iweke majina ya madalali inaowajua, ili mgeni ajue pa kuuliza na mwongo ajue kwamba jina lake litafutwa. Hapo tutakuwa tumeirudishia kazi hii lile fungamano la bandarini, lenye mashahidi na wajibu. Mengine yatabaki kwa mtu mwenyewe, kila anaposhika ufunguo wa mlango wa mwenzake na kuulizwa swali ambalo jibu lake la kweli litamkosesha pesa. Ajibu kweli. Biashara yake itaanzia hapo.